Namna ya Kutoa Skrubu Iliyogoma au Iliyoliwa Kichwa Kwenye Mpini wa Kisu: Mwongozo Kamili

Mwongozo huu unahusu kisu cha kukunja ambacho mpini wake umefungwa kwa skrubu ndogo za Torx, yaani zile zenye tundu la nyota ya ncha sita. Wengi wanaoshindwa hushindwa kwa namna ileile: wanatia ncha ya bisibisi iliyokaribiana tu na tundu, wanazungusha kwa nguvu, ncha inateleza, wanarudia mara tatu, na tundu lililokuwa nyota linageuka duara. Kutu haikuhusika, wala ubora wa kisu. Skrubu ilikuwa imeshikwa na gundi ya kiwandani, na gundi hiyo ilihitaji joto kabla ya mkono.

## Vifaa vya kuandaa

Kusanya vyote kabla ya kugusa skrubu, kwa sababu kazi ikishafika katikati si wakati mzuri wa kwenda dukani.

- Bisibisi yenye ncha za Torx za T6, T7, T8, T9 na T10, mpya au zisizochakaa. Seti wanazotumia mafundi simu zinafaa ikiwa chuma chake ni kigumu.
- Chuma cha kuchomelea risasi, kile cha mafundi redio, chenye ncha nyembamba.
- Asetoni safi, sindano, mswaki wa zamani na vijiti vya pamba vya masikioni.
- Mafuta ya kupenyeza kutu.
- Selotepu ya karatasi na kipande cha kadibodi ngumu.
- Plaisi ndogo ya kujifunga na nyundo nyepesi.
- Jiliwa ndogo, au mtu wa kukushikia aliye mtulivu.
- Kwa hali mbaya tu: drili yenye biti kali za milimita 2 hadi 3, gundi ya epoksi ya mirija miwili, na grainda ndogo ya mkono yenye diski nyembamba.
- Miwani ya kinga.

Ukumbuke pia kwamba baadhi ya watengenezaji hufuta dhamana ya kisu kilichofunguliwa na mteja. Kama kisu bado kiko ndani ya dhamana, soma karatasi yake kwanza.

## Hatua ya 1: Funga makali, kisha safisha tundu

Kunja kisu na ukifunge kwa selotepu mizunguko kadhaa. Ikiwa skrubu haifikiki kikiwa kimekunjwa, kifungue, ufunike ubapa wote kwa kadibodi, kisha uzungushie selotepu. Bisibisi ikiteleza mkono huenda mbele kwa kasi, na mara nyingi huenda pale pale palipo na makali.

Baada ya hapo angalia ndani ya tundu la skrubu kwenye mwanga mkali. Kwenye kisu kilichotumika utakuta vumbi la mfukoni lililoshikana na mafuta, na kwenye kisu cha kuparia samaki utakuta magamba na chumvi iliyoganda kama saruji. Chokoa kwa sindano ukifuata pembe moja moja, piga mswaki wenye asetoni, kisha ukaushe kwa kijiti cha pamba. Uchafu wa nusu milimita chini ya tundu huizuia ncha kuingia hadi mwisho, na ncha isiyofika mwisho hushika midomo ya tundu tu, ambayo ndiyo sehemu dhaifu zaidi.

Umefaulu ukiona pembe zote sita zikiwa wazi na sakafu ya tundu iking'aa.

## Hatua ya 2: Tambua kinachoishika skrubu

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, ingawa hujazungusha chochote bado. Skrubu ya mpini hugoma kwa sababu nne, na kila moja ina dawa yake. Dawa ya moja haisaidii nyingine.

Gundi ya kufungia skrubu. Viwanda vingi hutia tone la gundi kwenye hesi, au thredi kama wanavyoita mafundi wa gereji, ili skrubu isilegee kisu kinapofunguliwa na kufungwa mara maelfu. Dalili yake ni kisu kisafi, kisicho na kutu, ambacho skrubu yake haisogei hata kidogo. Mafuta hayaisaidii hali hii, kwa kuwa hayayeyushi gundi iliyokauka.

Kutu au chumvi. Utaona rangi ya hudhurungi kuzunguka kichwa, au unga mweupe ikiwa mpini ni wa aluminiamu, kwa sababu chuma cha skrubu na aluminiamu vikikutana kwenye maji ya chumvi huliana polepole. Visu vya mabaharia na wavuvi wa pwani huwa hivi.

Kukazwa kupita kiasi. Mara nyingi ni kisu kilichowahi kufunguliwa na mtu mwingine. Mikwaruzo kwenye tundu humfichua mhusika.

Skrubu inazunguka lakini haitoki. Hii haikugoma kabisa. Kilichoachia ni nguzo iliyo upande wa pili. Visu vingi vina nguzo yenye hesi ndani, ambayo hupokea skrubu kutoka kila upande, na nguzo ikizunguka pamoja na skrubu unaweza kuzungusha hadi kesho. Ruka moja kwa moja hadi Hatua ya 6.

Angalia vilevile kama unachokitazama ni skrubu kweli. Kisu cha jikoni chenye vidoto vitatu laini vya shaba au chuma, visivyo na tundu wala mfereji, kimefungwa kwa ribiti, na ribiti haifunguliwi kwa bisibisi. Hiyo ni kazi nyingine.

## Hatua ya 3: Chagua ncha sahihi

Ncha ya T6 ina upana wa takriban milimita 1.7 kutoka pembe hadi pembe, T8 ni kama 2.3, na T10 ni kama 2.7. Skrubu za klipu ya mfukoni na za mabamba ya mpini mara nyingi ni T6 au T8, na ile kubwa ambayo ubapa huzungukia, nitakayoiita skrubu ya mhimili, huwa T8 au T10.

Hatari iko kwenye ndugu wa karibu. T7 huingia kwenye tundu la T8 bila malalamiko, na mtu huridhika, lakini humo ndani inagusa kona tu za nyota. Kipimo ni rahisi: ingiza ncha, kisha itikise kwa vidole viwili bila kuzungusha skrubu. Ikicheza, hata kidogo, jaribu namba inayofuata juu. Ncha sahihi huingia kwa kubana kidogo na kubaki imesimama yenyewe ukiiachia.

Tazama na mdomo wa ncha yenyewe. Ikiwa kingo zake zimeviringika au zimepinda kama parafujo, itupe. Ncha mpya ni bei ndogo kuliko skrubu, na skrubu ni rahisi kuliko mpini.

Jambo la kuzingatia dukani: ukiomba "bisibisi ya nyota" utapewa ile ya msalaba, kwa sababu ndiyo watu wanayoiita hivyo. Taja namba, T6 au T8, au nenda na kisu chenyewe kikiwa kimefungwa.

## Hatua ya 4: Legeza kabla ya kuzungusha

### Ikiwa ni gundi: joto

Pasha chuma cha kuchomelea risasi, kisha gusisha ncha yake kwenye kichwa cha skrubu, si kwenye mpini. Kwa skrubu ya T6 sekunde 20 hadi 30 hutosha. Ile ya mhimili, ambayo ni nene na inapoteza joto kwenda kwenye ubapa, inaweza kuhitaji karibu dakika moja. Tone dogo la risasi ya kuchomelea kwenye ncha husaidia joto kupita haraka, lakini lisidondokee ndani ya tundu.

Sababu ya kutumia chuma hiki badala ya moto wa jiko au bloa ya mafundi simu ni kwamba kinapasha skrubu peke yake. Mimi mwenyewe niliwahi kutumia bloa kwenye kisu cha mpini wa nailoni, nikijiona nimerahisisha kazi. Skrubu ilitoka vizuri sana. Mpini nao ulibonyea kuzunguka tundu kama mkate uliobonyezwa kwa kidole, na tangu siku hiyo upande mmoja haukukaa sawa tena.

Nailoni na mbao ndizo zenye kudhurika upesi, kwa hiyo pasha kwa vipindi vya sekunde 10 na upumzishe katikati. Mpini wa G10, ambao ni nyuzi za kioo zilizoshikwa na epoksi, huvumilia zaidi, ila ukisikia harufu kali ondoa joto mara moja na ufungue dirisha. Titani na chuma havina shida.

Ubapa nao una mipaka yake. Ugumu wa makali hupatikana kiwandani kwa kukipasha chuma tena kwa joto maalumu baada ya kukipoza ghafla kikiwa cha moto sana, na kwa aina nyingi za chuma cha visu joto hilo huwa karibu na nyuzi 200 za Selsiasi. Ukilipita, chuma hulainika na hakirudi. Unapopasha skrubu ya mhimili, dondosha tone la maji kwenye ubapa, karibu na mhimili, kila baada ya muda. Likichemka na kulia, ubapa umefika nyuzi 100: bado uko salama, lakini ndio wakati wa kusimama.

### Ikiwa ni kutu: mafuta na subira

Weka tone moja la mafuta ya kupenyeza kwenye ukingo wa kichwa cha skrubu, na jingine upande wa pili ikiwa mwisho wa skrubu unaonekana. Gonga kichwa mara chache kwa nyundo nyepesi kupitia ncha ya bisibisi; mtikisiko hufungua nyufa ndogo kwenye kutu ambamo mafuta hupita. Acha usiku kucha. Ikiwa mpini ni wa mbao, weka mafuta kwa uchache wa kijiti cha pamba, maana mbao hunywa mafuta na doa halitoki.

Onyo: usipashe skrubu iliyopakwa mafuta au asetoni. Vyote viwili hushika moto, na mvuke wa asetoni huwaka hata kabla hujauona. Futa, subiri pakauke kabisa, weka chupa mbali, kisha ndipo uwashe chuma.

Asetoni pia huyeyusha baadhi ya plastiki na kuondoa vanishi ya mbao. Ijaribu kwanza sehemu isiyoonekana.

## Hatua ya 5: Zungusha

Bana kisu kwenye jiliwa kwa kukizungushia kitambaa, au kilaze mezani juu ya kipande cha raba. Skrubu iangalie juu. Ingiza ncha hadi mwisho, simamisha bisibisi wima kabisa, weka kiganja juu ya mpini wake na ulalie kwa uzito wa bega. Nguvu kubwa iwe ya kukandamiza, na ile ya kuzungusha iwe ndogo na ya polepole, kwa sababu ncha huteleza inapopanda nje ya tundu, na kinachoizuia kupanda ni mkandamizo.

Kama ulipasha, zungusha papo hapo, skrubu ikiwa bado ya moto. Gundi iliyolegea hukaza tena ikipoa.

Anza kwa kukaza kidogo sana, kiasi cha unywele, kisha geuza kinyume cha mwendo wa saa. Msukumo huo mfupi wa kukaza huvunja mshiko wa kutu au gundi upande ambao haujachoka. Ikisogea robo mzunguko na kukwama tena, irudishe ndani kidogo, halafu itoe, kama mtu anayetoa gari kwenye tope.

Utasikia mlio mfupi wa kukatika, "tik", na mara moja ukinzani utapungua. Hesi zikitoka zimejaa unga mweupe au wa bluu, ilikuwa gundi. Zikitoka za hudhurungi, ilikuwa kutu.

Ukihisi ncha inaanza kupanda, simama. Usijaribu mara moja zaidi. Rudi Hatua ya 4 na upashe upya, hata mara tatu au nne ikibidi, kwa kuwa tundu lenye pembe zilizochoka nusu bado linaokoleka, na lililokwisha kabisa linakupeleka kwenye drili.

## Hatua ya 6: Skrubu inayozunguka bila kutoka

Tia ncha ya bisibisi ya pili kwenye skrubu ya upande mwingine na uishike isisogee, huku ukizungusha ya upande wako. Ikiwa upande wa pili hauna tundu, penyeza kadi nyembamba ya plastiki chini ya bamba la mpini, karibu na skrubu, na uinue kwa upole wakati unazungusha. Mvutano huo huibana nguzo dhidi ya bamba na kuizuia kuzunguka.

Skrubu ya mhimili ina hila ya ziada: nguzo yake mara nyingi huwa na upande mmoja uliosawazishwa, mfano wa herufi D, unaokaa kwenye tundu lenye umbo hilohilo ili isizunguke. Kwa hiyo ni upande mmoja tu unaopaswa kufunguka. Ukilazimisha ule mwingine unaikata D hiyo, na mhimili hautakaza tena vizuri. Jaribu pande zote mbili kwa nguvu ndogo kwanza, na ufuate upande uliotii.

## Hatua ya 7: Kichwa kikishaliwa

Fuata mpangilio huu, kutoka njia isiyoharibu hadi inayoharibu.

Ncha kubwa kidogo. Chukua namba inayofuata juu, mathalani T9 kwa tundu la T8 lililoliwa, iweke wima na uigonge kwa nyundo hadi ijichimbie pembe mpya. Pasha, kandamiza, zungusha. Katika uzoefu wangu nyingi huishia hapa. Usigonge kisu kikiwa hewani; kiwe kimekaa juu ya kitu kigumu moja kwa moja chini ya skrubu.

Plaisi. Kichwa kikiwa kimechomoza juu ya mpini, bandika selotepu ya karatasi kuzunguka, bana ukingo wake kwa plaisi ya kujifunga, na ugeuze. Ni njia ya haraka kuliko zote ikiwa plaisi inapata pa kushika.

Epoksi. Safisha tundu kwa asetoni, jaza tone la epoksi, zamisha ncha ya zamani na uiache saa 24. Inafaa pale gundi ya skrubu ilipokwishalegezwa, kwa kuwa hapa huwezi tena kupasha: joto litailegeza epoksi pia. Supaglu nimeijaribu mara kadhaa, na ilikatika mara zote.

Mpira wa kufungia noti, unaopendekezwa sana mtandaoni, una msaada kwenye skrubu kubwa za msalaba. Kwenye tundu la milimita 1.7 mpira unachukua nafasi ambayo ncha inaihitaji.

Mfereji. Kwa grainda ndogo, kata mstari mmoja katikati ya kichwa, kisha utumie bisibisi bapa. Usifanye hivi kwenye kichwa kilichozama, kwa sababu diski ni pana kuliko kichwa na itachora mpini pande zote mbili.

Drili. Hii ndiyo njia ya mwisho, na ukiielewa haitishi. Huhitaji kutoboa skrubu yote. Unachotaka ni kukata kichwa tu, kwa maana kichwa ndicho kinacholibana bamba. Kikitoka, bamba linanyanyuka lenyewe na shina linabaki limesimama wazi, tayari kwa plaisi.

1. Vaa miwani ya kinga na ubane kisu kwenye jiliwa. Usikishike kwa mkono.
2. Chagua biti yenye unene sawa na shina la skrubu au zaidi yake kidogo tu. Kwa skrubu ya milimita 2.5 tumia biti ya 2.5. Tundu lililoliwa litaiongoza biti katikati.
3. Toboa kwa mwendo wa polepole, ukikandamiza kwa uthabiti, na uweke tone la mafuta. Skrubu za chuma kisichoshika kutu huwa ngumu zaidi zikisuguliwa kwa kasi bila kukatwa, kisha biti huteleza juu yake na kuungua.
4. Simama kila baada ya sekunde chache uangalie. Kichwa kikianza kuzunguka na biti kama pete, kimekatika.
5. Inua bamba, pasha shina lililobaki, libane kwa plaisi na uligeuze kinyume cha mwendo wa saa. Kwa kuwa hakuna tena kichwa kinachobana, mara nyingi hutoka kwa ukinzani mdogo wa kushangaza.

Ukipata biti ya drili inayokata kinyume, yaani inayozunguka kushoto, itumie hiyo, maana wakati mwingine inaishika skrubu na kuitoa kabla hujamaliza kukata. Vile vifaa vya kung'olea skrubu vyenye hesi za kinyume sivishauri kwa skrubu za milimita 2 hadi 2.5: katika unene huo huvunjika ndani, na kipande chake ni kigumu kuliko biti yoyote uliyo nayo.

Shina likikatikia ndani ya nguzo na lisibaki la kushika, mpelekee fundi wa karakana ya mashine, anayeweza kulitoboa katikati na kukata hesi upya.

## Hatua ya 8: Rudisha ili itoke siku nyingine

Usirudishe skrubu iliyoliwa. Pima unene na urefu wa ile nzima ya upande wa pili, na utafute nyingine inayoingia kwa vidole mizunguko miwili ya kwanza. Ikikwama mapema, hesi si zenyewe: baadhi ya visu hutumia vipimo vya Marekani ambavyo hukaribia sana vile vya milimita bila kulingana navyo.

Safisha hesi zote kwa asetoni na mswaki. Kwa skrubu ndogo tumia gundi ya nguvu ndogo, ambayo mara nyingi huuzwa ikiwa ya zambarau. Ya bluu ni ya nguvu ya wastani na inatosha mhimili. Nyekundu ni ya mitambo, na huhitaji joto la karibu nyuzi 250 ili kuachia, joto ambalo ubapa wako hauliwezi. Rangi zinaweza kutofautiana kwa kampuni, hivyo soma maneno ya kwenye chupa.

Chovya ncha ya kijiti cha meno, gusa hesi mbili tatu za mwisho, basi. Gundi ikizidi hutiririka hadi kwenye mhimili na kisu kinakataa kufunguka. Kaza kwa vidole viwili hadi ncha igome, ongeza kiasi cha sehemu moja ya kumi na sita ya mzunguko, fungua na kufunga kisu mara kadhaa kuona kama ubapa unakwenda bila kucheza wala kukwaruza, kisha kiache saa 24 kabla ya kukitumia.